Kifundo cha Mguu wa Mama

Kwa muda fulani niliamini kwamba mama yangu ananidanganya kwa mguu wake. Sikumwambia mtu, maana ni aibu mtoto kumdhania mzazi wake hivyo, lakini niliamini, na siku moja nikamwambia mwenyewe usoni. Hasira ya siku ile bado ninayo. Kilichobadilika ni mtu ninayemkasirikia.

Mama aliolewa Kinjumbi na hajawahi kupenda kukaa kwingine. Alikuwa na shamba la mihogo na mikorosho michache, na bahari ikikupwa alikwenda mwambani na wanawake wenzake kuchokoa pweza. Nilipokuwa mdogo nilimfuata, nikiteleza kila hatua tano, naye akitembea juu ya mawe yale yenye mwani kama anayekatiza sebule yake. Hakuvaa viatu. Aliniambia niache kuangalia chini, nyayo zina akili zao. Za kwangu hazikuwa nazo. Nikaenda kusoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi Kilwa Masoko, nikapewa darasa la tano na kipindi cha michezo.

Kiharusi kilimpata asubuhi akimenya mihogo uani. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anaishi naye kule, alinisimulia kwamba kisu kilianza kudondoka, mama akanyoosha mkono wa kushoto kukiokota, mkono ukakataa. Alipotaka kusimama, mguu nao ukakataa. Walikodi gari wakamleta hospitali. Presha ilikuwa juu sana. Alikuwa ameandikiwa vidonge mwaka uliotangulia akaviacha, kwa maelezo kwamba mtu hanywi dawa wakati haumwi. Alilazwa wiki tatu, upande wa kushoto umelala wote, ila ulimi ulisalimika. Akili yake na ukali wake havikuguswa.

Aliporuhusiwa nikamchukua kwangu. Alilala kwenye kitanda changu karibu mwezi na nusu, mimi nikilala chini kwenye mkeka. Nilimgeuza kama nilivyoelekezwa, nilimwogesha, nilimlisha uji. Alilalamika baridi kwenye mguu ule, basi nikamfunika blanketi zito nikalichomeka chini ya godoro upande wa miguuni lisidondoke. Chini ya blanketi wayo wake wa kushoto ulilala umeelekea chini, kama wa mtu anayechungulia dirishani kwa ncha za vidole. Ulikaa hivyo usiku na mchana. Niliuona kila nilipombadilisha shuka, na sikuona ubaya wowote.

Nguvu zikaanza kurudi kutoka juu kushuka chini. Kwanza nyonga, kisha goti. Mwezi wa tatu tangu kiharusi alisimama akishika nondo za dirisha, nikampigia mdogo wangu simu nikilia. Mwezi wa nne alitembea kutoka chumbani hadi mlango wa uani, na hapo ndipo tulipokwama. Kila kitu kilikuwa kimerudi kiasi chake isipokuwa kile kifundo.

Akinyanyua mguu wa kushoto, vidole vilibaki chini. Ili vipite ilimbidi autupe mguu mzima kwa nje, nusu duara, kama anayefyeka majani, na ukitua ulitua kwa vidole badala ya kisigino. Akichoka, hata mzunguko huo haukutosha, kidole gumba kikakwaruza sakafu ya saruji. Ukucha ulilika hadi nyamani. Ndala haikukaa mguuni: hatua mbili, imevuka, nairudisha, hatua mbili, imevuka. Nilikata kipande cha mpira wa baiskeli nikakifunga juu ya wayo kushikilia ndala. Ilishika, lakini kufikia jioni mpira ulikuwa umemchuna ngozi, na yeye hakusema kitu kwa kuwa upande ule hakuhisi vizuri. Nilikuta damu.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Nimewafundisha watoto kukimbia, kuruka, kurusha. Nikajiambia kwamba mguu ni mguu, dawa yake ni mazoezi. Mdogo wangu akanitumia kwenye simu video ya mzee mmoja wa nchi za mbali aliyepata kiharusi, akishika kiti na kujinyanyua kwa vidole, juu, chini, juu, chini, na mwishoni anatembea bustanini akitabasamu. Nikaichukua kama ilivyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mama alishika nondo za dirisha akajinyanyua kwa vidole mara ishirini. Jioni alikaa kitini akasukuma tofali kwa unyayo mara ishirini nyingine. Mimi nilihesabu.

"Jikaze, mama," nilimwambia.

Alijikaza. Taya lilikaza, mkono wa kushoto ukajikunja kifuani wenyewe, na mguu ukawa kama mti. Baada ya wiki kadhaa aliniambia kwamba mguu unamvuta. Nikamwuliza unamvuta wapi.

"Kwa nyuma. Nikiutaka uende mbele, kuna kitu kinaushika kwa nyuma."

Nilimwambia ni uchovu, aongeze bidii. Nilisema hivyo kwa sauti ileile ninayomwambia mtoto anayedai tumbo linamuuma siku ya mbio.

Wageni nao walikuja na majibu yao. Mama mmoja jirani, mtu mwema aliyetuletea samaki mara nyingi, alisema mshipa umeingia baridi, ukandwe na mafuta ya nazi ya moto. Tukakanda. Mwingine alisema mshipa umekufa, mshipa ukifa haufufuki, tumshukuru Mungu kwa kilichobaki. Shekhe aliyekuja kumwombea dua alimshauri awe na subira, na mama akamjibu kwa adabu kwamba subira anayo, anachokosa ni wayo. Mdogo wangu kwenye simu alisema mama amekata tamaa, nimtie moyo. Kila mmoja alikuwa na sababu moja, na kila sababu ilikuwa kamili.

Sababu yangu niliipata Jumamosi moja asubuhi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, anabangua mbaazi kwa mkono wa kulia, ungo umewekwa juu ya mapaja. Mimi nilikuwa nafua. Kuku wa jirani akaja taratibu mpaka miguuni pake, akaanza kudonoa mbaazi zilizodondoka. Mama alimfukuza kwa mdomo, kuku asijali. Basi mama, bila kufikiri, akanyanyua vidole vya mguu wa kushoto, wayo ukapanda juu, akamsukuma kuku kwa unyayo.

Niliacha kufua. Nikamwendea mikono ikichuruzika mapovu, nikamwomba arudie. Hakuelewa arudie nini. Nikamwonyesha mguu. Akautazama, akajaribu, na vidole vikapanda tena, polepole, vikitetemeka kidogo, lakini vikapanda. Wayo ukaachana na ardhi kwa upana wa vidole vitatu, kisigino kikiwa chini. Nikamwambia asimame atembee. Akasimama. Hatua ya kwanza, mguu ukatupwa kwa nje, vidole vikaning'inia, kidole gumba kikalima mchanga.

"Kumbe unaweza," nilisema.

Mama alisimama akishika ukuta.

"Ukikaa unaweza. Kuku unamfukuza. Ukiwa na mimi unaburura. Mama, kwa nini unanifanyia hivi?"

"Nakufanyia nini?"

"Unajifanya."

Nilisema neno lile, na halikuwa limeponyoka. Lilikuwa limekaa kooni muda mrefu. Nilikuwa nimechoka, naamka alfajiri, nashinda darasani na watoto wengi kuliko madawati, narudi kuhesabu ishirini na ishirini, na sasa nimeona kwa macho yangu wayo ukipanda. Nilidhani amezoea kuhudumiwa. Nilidhani anaogopa kwamba akipona nitamrudisha Kinjumbi. Nilidhani mambo mengi, na yote yalielezea vizuri kuliko mshipa ulioingia baridi.

Mama alikaa, akarudi kwenye mbaazi zake. Mikono yangu ilikuwa bado ina mapovu.

Kuanzia siku ile niliacha kumshika mkono akienda msalani. Sikumkatalia, niliacha tu kunyanyuka. Nilikaa na daftari za wanafunzi nikimsikiliza anavyopita, akitua kwa fimbo yake ya kutembelea, kisha mguu mzima, kisha ule mkwaruzo. Kila mkwaruzo ulinipandisha damu. Siku ya nne mkwaruzo ulikatika, nikasikia kishindo.

Choo changu kina kizingiti cha saruji, kirefu kama kiganja kikisimamishwa. Kidole gumba kilikuwa kimegota pale. Nilimkuta ameangukia upande wa kulia, mkono umejikunja chini yake, kanga imepanda magotini. Hakulia. Aliniambia nimfunike kwanza kabla ya kumnyanyua. Mfupa haukuvunjika, ila kiwiko kilivimba, na hicho ndicho kiwiko cha mkono mzima, mkono aliokuwa akilia chakula.

Usiku ule nilimlisha tena kama miezi ya mwanzo. Kati ya tonge na tonge aliniambia kwamba kiwiko kikipona atarudi Kinjumbi. Sikumzuia. Ningependa kuandika kwamba nilijuta palepale, lakini nilichohisi ni kwamba sasa anatumia kuanguka kunishinda.

Nesi aliyekuja kutazama kiwiko ndiye aliyeuliza kwa nini hatujamwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nikamjibu kwamba mazoezi anafanya kila siku, ninamsimamia mwenyewe. Akaniangalia, akasema yupo mmoja Lindi, kwenye kliniki ndogo, na kwamba kama huyu angekuwa mama yake yeye, angempeleka. Hakuna mtu aliyewahi kututajia kabla ya hapo. Miezi saba, na kila mtu aliyevaa koti jeupe alituambia tu tuendelee na vidonge na mazoezi, bila kusema mazoezi gani.

Tulisafiri siku za likizo fupi, tukafikia Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Siku ya kwanza tulikuta mlango wa kliniki una karatasi: mtaalamu yuko semina, atarudi Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu. Mama alikuwa ameketi safari nzima mguu ukikakamaa, kumshusha garini kulichukua watu wawili, na sasa tulisimama juani mbele ya karatasi. Nilitaka kuichana. Mama alisema, "Na yeye ana haki ya kusoma," akageuka, akaanza kuburura kurudi kwenye bajaji iliyotuleta kutoka stendi.

Alhamisi tulimkuta. Alikuwa mwanaume wa miaka kama thelathini na mitano, Mmakonde kwa lafudhi yake, mwenye msalaba mdogo shingoni. Alimwamkia mama shikamoo, akasubiri marahaba yake, kisha akavuta kiti akakaa chini kuliko yeye. Mimi nilianza kueleza. Aliniomba radhi, akasema angependa kumsikia mama kwanza.

Mama alimweleza kwa maneno machache. Mguu unamvuta kwa nyuma. Akiuharakisha ndio unazidi. Asubuhi akiamka ni mgumu kama ubao, na siku akiwa na hasira hautembei kabisa.

"Na akiwa amekaa anaweza kuunyanyua," nikaingilia. "Nimemwona mwenyewe. Anaweza, ila akisimama hataki."

Mtaalamu alimwomba mama akae ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, magoti yamekunjwa. Akamwambia anyanyue wayo. Ukapanda, kama siku ile ya kuku. Nikamtazama kwa maana ya kusema, umeona. Kisha akamnyoosha goti taratibu mpaka mguu ukawa sawa mbele, akamwambia anyanyue tena. Wayo haukusogea. Mama alijikaza mpaka shingo ikasimama, vidole vikajikunja badala ya kupanda. Akarudisha goti likakunjwa: wayo ukapanda. Akalinyoosha: ukakataa.

Aliniita niweke mkono nyuma ya mguu, kwenye shavu lake chini ya goti. Goti likiwa limekunjwa nyama ilikuwa laini. Likinyooshwa ikawa kamba.

"Msuli huu unaanzia juu ya goti," alisema, "unapita nyuma, unashika kisigino. Mama akikaa, goti limekunjwa, huu unalegea, basi ule wa mbele unapata nafasi hata kama ni dhaifu. Akitembea, goti lake linabaki limenyooka, huu unavutwa, na unashinda."

Akasukuma wayo juu kwa ghafla. Wayo ukaanza kugonga wenyewe, kwa haraka, mama akiutazama kama mtu anayetazama mnyama mgeni. Akausukuma tena polepole, safari hii haukugonga, lakini ulifika mahali ukasimama kama mlango uliofika kwenye komeo. Alinieleza kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Kule kugonga ni ubongo ulioumia ambao hauzuii tena msuli kukaza ukivutwa. Kule kugota ni msuli na kano zenyewe kufupika, kwa kukaa muda mrefu wayo ukielekea chini. Akauliza alilalaje miezi ile ya kwanza.

Nilimwambia kuhusu blanketi. Nilimwambia nilivyolichomeka.

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kueleza kwamba kuna jambo jingine pia, kwamba mama akitaka kunyanyua wayo, amri inakwenda kwa msuli wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Na zaidi ya yote msuli wa mbele wenyewe bado ni dhaifu. Nilimwuliza ipi kati ya hizo ndiyo sababu. Akasema zote, kila moja kwa kiasi chake, na kwamba mgonjwa mwingine angeweza kuingia pale akiburura mguu vilevile kabisa, akamkuta hana ukakamavu hata kidogo, udhaifu mtupu. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Kisha akauliza tumekuwa tukifanya mazoezi gani. Nikamweleza, kwa hesabu zake zote. Kujinyanyua kwa vidole, tofali, ishirini asubuhi, ishirini jioni. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia ni ualimu.

"Mwalimu," alisema, "sisemi umemuumiza. Msuli huo nao una kazi yake, iko siku tutauhitaji. Lakini ni kama una wanafunzi wawili, mmoja anamwonea mwenzake, na wewe kila siku umempa chakula yule anayeonea."

Mama alikuwa anamsikiliza kwa makini. Akageuza uso kwangu. "Nilikwambia unanivuta kwa nyuma," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayethibitisha bei.

Tulikaa Mitwero wiki nzima, tukienda kliniki kila siku. Nilifundishwa upya. Mama analala chali, goti limenyooka, ninapitisha kanga chini ya wayo karibu na vidole, ninavuta taratibu mpaka ugote, ninashikilia hapo bila kutikisa. Kisha anakaa na kunyanyua wayo mara chache tu, akiwa ametulia, na tukiona mwili mzima umeanza kukaza tunaacha. Ndani ya nyumba asiambiwe jikaze. Mtaalamu alirudia hilo mara mbili, akitabasamu, na mimi sikutabasamu.

Usiku wa mwisho kwa shangazi nilimwomba mama msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini nilisema tu kwamba nilikosea kumwita mtu anayejifanya.

Alikuwa anafunga kilemba chake cha kulalia kwa mkono mmoja. Alimaliza kwanza.

"Mwanangu, wewe ulidhani naipenda ile sakafu ya choo?"

Nikasema hapana.

"Ulidhani nini basi?"

Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulisema mbele ya shangazi. Mama alisubiri, alipoona halitoki, akaomba azimiwe taa. Mpaka leo hajasema amenisamehe na mimi sijauliza tena. Anakula chakula ninachopika, ananituma, ananigombeza kama zamani. Labda kwake hiyo inatosha. Kwangu haitoshi, na hilo nalo linanikera.

Mtu angetegemea kwamba ukishajua sababu, mguu utatii. Haukutii. Baada ya miezi miwili ya kuvuta kanga, wayo ulikuwa unapanda, goti likiwa limenyooka, kiasi cha unene wa kidole kimoja. Kimoja. Siku za mvua au akikosa usingizi hata hicho kilipotea. Tulimtengenezea kwa seremala ubao wa mteremko wa kusimamia, nao ulisaidia, kisha akapata mafua, akalala siku tano, tukarudi karibu tulikoanza. Kifaa cha plastiki cha kushikilia wayo kilikuja baada ya kusubiri sana, kikiwa kipana, kilikuwa kimekusudiwa mtu mwenye mguu mkubwa. Kiliingia tu kwenye kiatu cha kiume cha kufunga kamba, kikubwa kuliko cha kulia kwa namba mbili. Kwa hiyo ilibidi ninunue jozi mbili ili apate viatu viwili.

Lakini akikivaa, vidole havikuburuzika. Nilimwona akivuka uwanja wa nyumba mguu ukipita mbele moja kwa moja, bila kufyeka, na nilifurahi kuliko yeye. Yeye alisema kinawaka moto na kwamba amekuwa askari. Kila wakati wa swala kilitakiwa kivuliwe kwa ajili ya udhu, mikanda mitatu na kamba za kiatu, kwa mkono mmoja na nusu, halafu kivaliwe tena. Mara tano kwa siku. Baada ya wiki mbili akawa anakivaa akitoka nje tu. Nilitaka kugomba. Nilimeza maneno hayo mara nyingi, si zote.

Alirudi Kinjumbi mwanzoni mwa muhula. Mdogo wangu alijifunza kuvuta kanga, ingawa anavuta kwa haraka na mama humwambia aanze upya taratibu. Mimi huenda likizo. Nikifika, kitu cha kwanza ambacho masikio yangu hufanya ni kutafuta ule mkwaruzo, na bado upo, hasa kuelekea jioni, mwepesi kuliko zamani. Kila nikiusikia kuna kitu ndani yangu kinachotaka kusema neno lilelile la jikaze. Sijui kama kitaondoka.

Likizo iliyopita tulikwenda kwenye hitima, nyumba ya nne kutoka kwake. Alikataa kushikwa. Alivaa kifaa chake na viatu vyake visivyolingana, akatangulia, mimi nyuma, na njia ya dakika tano tukaitembea kwa zaidi ya robo saa. Wanawake walimtolea kiti. Akanyoosha mguu mbele, mama mmoja wa makamo akauliza habari ya lile plastiki, na mama akaeleza. Alieleza kwa namna yake, habari ya msuli wa nyuma mwonevu na wa mbele mnyonge, na goti linavyowaamulia ugomvi wao. Yule mama akasema mume wake naye amepigwa upande wa kulia, anaburura hivyohivyo, basi akirudi nyumbani ataanza kumvuta kwa kanga.

"Usimvute," mama alimwambia. "Wa mumeo huenda umelegea tu. Mpeleke kwanza akatazamwe."

"Nimpeleke wapi?"

Mama akanigeukia mimi, mwalimu, nijibu. Nami nilikuwa najua kwamba yule mtaalamu alihama mwezi uliotangulia kumfuata mkewe aliyehamishiwa kazi mkoa mwingine, na kwamba nilipopiga simu kliniki kuuliza nani amechukua nafasi yake, aliyepokea aliniambia chumba kile sasa wanahifadhia magodoro. Nilimwambia yule mama kwamba nitaulizia. Akanishukuru sana, akaniandikia namba yake ya simu kwenye kiganja cha mkono wangu kwa kalamu niliyompa, na alipomaliza akarudia kuikagua tarakimu moja moja, asije akawa amekosea.